Marumaru ya kijivu: ya Italia na ya Moroto

Ukiingia katika duka la vifaa vya ujenzi jijini Dar es Salaam na kuomba marumaru, huenda ukaonyeshwa vigae vya kauri vilivyotoka kiwandani, na muuzaji hatakuwa amekudanganya, kwa sababu huko ndivyo vinavyoitwa. Ukienda Mombasa na ombi hilo hilo, utaulizwa kwanza kama unataka jiwe au taili. Hapa Kampala mambo yamechanganyika zaidi. Kila kitu chenye mishipa na kung'aa huitwa marumaru, na kikiwa cha kijivu huongezewa maneno "ya Italia", hata kama boksi lake limeandikwa jina la mji wa China.

Mchanganyiko huo unagharimu watu fedha. Wengi wetu tuliorudi nyumbani kutoka ugenini tunajenga kwa akiba ya miaka mingi, chumba baada ya chumba, na sakafu huja mwisho wakati mfuko umeshakauka. Nao wafanyabiashara wa Malaba, Busia na Mutukula hubeba mzigo ambao jina lake likikosewa kwenye karatasi, unaweza kulala mpakani. Mimi ni mwalimu wa jiografia katika shule ya sekondari hapa Kampala. Nilisoma darasa la kwanza hadi kidato cha nne Mombasa, uhamishoni, na tangu zamani mawe ni somo ninalolipenda. Ila mwaka jana nililifuatilia jiwe hili moja kwa sababu ya jambo la kifamilia nitakaloeleza mbele kidogo.

Tuanze na jiwe lenyewe. Marumaru ya kijivu ya Italia inayojulikana zaidi huitwa Bardiglio. Hutoka katika milima ya Apuane, kaskazini mwa mkoa wa Toscana, kwenye machimbo ya Carrara, Massa na Seravezza, milima ile ile inayotoa marumaru nyeupe ambayo Michelangelo alichongea sanamu ya Daudi kati ya mwaka 1501 na 1504. Ukitazama milima hiyo kutoka pwani, weupe wake hufanana na theluji. Bardiglio ndiye ndugu mweusi-mweusi wa familia hiyo: kijivu cha mawingu ya masika, mara nyingine chenye rangi ya samawati kwa mbali, na mishipa ya giza inayokwenda upande mmoja.

Miaka takriban milioni 200 iliyopita, mahali hapo palikuwa bahari ya maji mafupi. Bonde letu la Ufa halikuwapo wakati huo. Maganda na mabaki ya viumbe vya baharini yalishuka chini, yakarundikana, yakawa mawe ya chokaa. Aliyekulia Mombasa analijua jiwe la namna hiyo, maana kuta za Mji wa Kale na za Fort Jesus ni za matumbawe, na tumbawe, chokaa na marumaru ni ndugu wa damu moja, vyote vikiwa kalisi kaboneti. Tofauti ni kwamba chokaa ya Apuane ilizikwa chini kabisa wakati milima ilipokuwa inasukumana, takriban miaka milioni 27 iliyopita, ikapata joto la nyuzi mia tatu na ushei hadi mia nne na ushei pamoja na mgandamizo mkubwa. Haikuyeyuka. Chembe zake zilijipanga upya zikawa fuwele zilizoshikana, na hapo chokaa ikageuka marumaru.

Palipokuwa na chokaa safi, marumaru ilitoka nyeupe. Palipokuwa na matope yenye mabaki ya mimea na viumbe, kaboni ile ilibaki ndani ya jiwe kama unga mwembamba wa grafaiti, jamaa ya ile iliyomo katika risasi ya kalamu, pamoja na punje ndogo za pairiti. Huo ndio ujivu. Nikiwaeleza wanafunzi wangu kwamba rangi ya sakafu ya benki ni uchafu wa bahari ya kale, huwa wanacheka, lakini mtihani ukija hawasahau.

Warumi waliyachimba machimbo hayo tangu karne ya kwanza kabla ya Kristo na kuyasafirisha mawe kupitia bandari ya Luni. Nguzo ya Trajan iliyopo Roma, iliyokamilika mwaka 113, ni ya marumaru ya huko. Kwa karne nyingi mawe yalishushwa mlimani kwa kamba juu ya magogo yaliyopakwa sabuni, wanaume wakikimbia mbele ya jiwe kutandika magogo, na jiwe likiponyoka hakuna aliyebaki kusimulia. Baadaye zilikuja nyaya za chuma zilizokata kwa mchanga na maji, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 nyaya zenye punje za almasi. Wachimbaji wa huko hawakunyamaza. Mwaka 1919, chini ya uongozi wa Alberto Meschi, walipata siku ya kazi ya saa sita na nusu. Naomba msomaji aikumbuke tarehe hiyo tutakapofika Karamoja.

Marumaru kuvuka bahari kuja kwetu si jambo geni. Mawe ya makaburi yaliyochongwa Khambhat, Gujarat, yalifika Zafar huko Oman katika karne ya 14, na vipande vya marumaru ya huko vimepatikana hata Kilwa. Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa mwaka 1883 na ambayo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, ilitandikwa marumaru sakafuni. Hapa Kampala, Hekalu la Wabahai kwenye kilima cha Kikaya, lililofunguliwa Januari 1961, lina kuta za mawe ya Uganda, lakini vigae vidogo vya kuba lake vilitoka Italia. Vioo vya rangi vya Msikiti wa Kitaifa pale Old Kampala, ulioanzishwa enzi za Amin na kukamilishwa kwa fedha za Libya, vilitoka Italia pia. Nakumbusha haya kwa sababu wapo wanaodhani tamaa ya vitu vya Italia imeletwa na matajiri wapya wa Kololo.

Tena wengi wetu tumekanyaga mtindo wa Italia tangu utotoni bila kujua. Terazo, sakafu ile ya shule na hospitali nyingi zilizojengwa miaka ya 1950 na 1960, ni neno la Kiitaliano na ni ufundi wa Kiitaliano: vipande vya marumaru humwagwa ndani ya saruji, hukauka, kisha husuguliwa kwa mashine ya jiwe hadi ving'ae. Chumba cha walimu shuleni kwetu kina sakafu ya terazo iliyokanyagwa na vizazi vya viatu, na haina ufa zaidi ya mmoja karibu na mlango. Kwa maoni yangu hakuna sakafu inayolingana na nchi yetu kuliko hiyo. Mafundi wanaoijua wanazeeka na vijana hawajifunzi, kwa kuwa kubandika taili ni kazi ya haraka na hulipa siku hiyo hiyo.

Sasa tabia za jiwe, maana hapa ndipo pesa inapopotelea.

Marumaru ni jiwe laini. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, kinachoanzia 1 hadi 10, kalsaiti ambayo ndiyo mwili wa marumaru iko kwenye 3. Kisu kinaikwaruza. Mchanga wa kawaida wenye kwazi uko kwenye 7. Maana yake ni kwamba vumbi la murram unaloingia nalo ndani kwa viatu ni kama msasa juu ya sakafu yako. Nyumba iliyo kando ya barabara ya vumbi, kule Matugga au Kyengera, itapoteza mng'ao wake mlangoni na kwenye ngazi kwanza. Dawa yake si kemikali: ni mkeka mrefu mlangoni, na ufagio laini kila asubuhi kabla ya maji. Kijivu kina faida moja juu ya nyeupe. Udongo wetu mwekundu una chuma, na chuma huacha madoa ya kutu kwenye marumaru nyeupe. Kwenye kijivu doa hilo halipigi kelele.

Adui wa pili ni uchachu. Limau, siki, soda, maji ya pasheni na dawa kali za kusafishia choo hula uso wa marumaru na kuacha alama isiyong'aa. Alama hiyo si uchafu, kwa hiyo haitoki kwa kusugua. Jiwe lenyewe limeliwa. Ndiyo maana nawashauri wenye mapenzi na kaunta ya jikoni ya marumaru wafikirie mara mbili. Jikoni mwetu kuna ndimu na nyanya kila siku. Huko graniti inafaa zaidi, maana uchachu wa jikoni hauidhuru. Bardiglio waiweke sebuleni, bafuni ukutani, kwenye vizingiti vya madirisha, au juu ya meza ambayo watoto hawaifikii na soda zao. Aliyekwisha kuiweka aisafishe kwa maji na sabuni isiyo kali, na apake dawa ya kuziba vinyweleo vya jiwe mara kwa mara.

Nje ya nyumba kuna hadithi nyingine. Mwaka 1973 lilikamilika jengo refu la kampuni ya mafuta ya Amoco kule Chicago, limevikwa vibao vyembamba vya marumaru ya Carrara. Joto na baridi vikavikunja kama ngozi iliyoanikwa, na kati ya mwaka 1990 na 1992 vyote, zaidi ya arobaini elfu, vilibanduliwa na kuwekwa graniti. Ukumbi wa Finlandia mjini Helsinki, uliofunguliwa mwaka 1971, ulivuliwa marumaru yake mwaka 1999 kwa sababu hiyo hiyo, wakarudishia marumaru ile ile, nayo ikapinda tena. Kampala haina theluji, lakini jua la mchana na mvua ya saa kumi hufanya kazi yake. Aidha, jiwe linalopata ujivu wake kutokana na kaboni hupauka likikaa nje miaka mingi. Anayetaka kuvika ukuta wa mbele wa nyumba yake Bardiglio ajue kuwa atakaowaachia watoto ni ukuta wa rangi nyingine.

Utaitambuaje marumaru ya kweli dukani? Tazama ubavu wa kipande, siyo uso. Mshipa wa jiwe hupenya hadi upande wa pili, ilhali mchoro wa kigae cha kauri huishia juu kama rangi ya kucha. Pili, pekua boksi: ukikuta vigae viwili vyenye mchoro mmoja, hivyo vimechapwa, kwani mlima haurudii mshipa. Tatu, omba ruhusa ya kudondosha tone la siki au limau upande wa nyuma. Marumaru itatoa mapovu. Kauri na graniti zitakaa kimya. Muuzaji akikataa tone moja upande usioonekana, una jibu lako. Sisemi kwamba kigae cha kauri ni kibaya. Kiwanda cha Kapeeka kinatengeneza vigae hapa hapa Uganda, na kwa nyumba yenye watoto wanne kigae kina akili kuliko jiwe. Ubaya ni kulipia jiwe ukapewa kauri.

Kwa wasafirishaji, neno kubwa ni uzito. Mita ya ujazo ya marumaru ina tani 2.7 hivi. Bamba la unene wa sentimita 2 lina kilo 54 kwa kila mita ya mraba. La sentimita 3 lina kilo 81. Kontena lililobeba tani 26 za mabamba ya sentimita 2 lina mita za mraba 480 hivi, na ukilitazama ndani utadhani liko nusu tupu. Wengine hushawishika kujaza nafasi hiyo, kisha mizani ya barabarani inawafundisha hesabu. Mabamba husafirishwa yamesimama kwa ubavu ndani ya fremu za mbao, kamwe hayalazwi, kwani yakilazwa huvunjika kwa mtikisiko. Kutoka bandari za Italia meli hupita Suez. Tangu mwishoni mwa mwaka 2023, mashambulizi katika Bahari ya Shamu yalipoanza, meli nyingi zililazimika kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, na wateja wa Kampala wakaambiwa wangoje. Kutoka Mombasa hadi hapa ni zaidi ya kilomita elfu moja na mia moja za lori.

Kuna jambo linalowaponza wadogo wetu wa mpakani. Cheti rahisi cha uasili cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kile cha mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000, ni cha bidhaa zenye asili ya nchi wanachama. Jiwe la Italia haliwi la Afrika Mashariki kwa kununuliwa Nairobi. Mtu anayenunua mabaki ya mabamba kwenye karakana za Industrial Area ya Nairobi na kuyapakia kwenye pikapu kuelekea Malaba na afike na karatasi zinazoonyesha jiwe lilikotoka na ushuru uliolipwa, la sivyo aandae maelezo.

Na hapo ndipo hadithi ya familia yetu inapoanzia.

Baba alitutoa Luweero mwaka 1982, wakati wa vita, nikiwa na miaka minne. Tulivuka Busia usiku, tukaishia Mombasa. Alifia huko mwaka 1994, tukamzika katika makaburi ya umma. Sisi tulirudi mwaka 1997, na mifupa yake ilirudi mwaka 2009, ikazikwa katika kiggya, makaburi ya ukoo, karibu na Wobulenzi. Wasomaji wengi wa ukurasa huu wanajua gharama na vibali vya safari ya namna hiyo, kwa hiyo sitaieleza. Baada ya kulipa yote, kaburi lilipata saruji tupu.

Kaka yangu mkubwa anauza rangi na vigae Malaba. Mwaka jana alinitumia picha ya simu: vipande vitatu vya Bardiglio, mabaki ya kazi ya hoteli moja Nairobi, vimeng'arishwa, vya kijivu kizuri ajabu. Bei ilikuwa chini ya nusu ya bei ya bamba zima, na hata hivyo mita tatu za mraba zingemeza mshahara wangu wa mwezi. Kaka alisema tuchange. Dada yangu alisema choo cha mama kinavuja na bati la jikoni limeoza, na baba hatasikia baridi. Mimi, nikiwa nimekwisha kulipenda jiwe, nilinyamaza. Tulikubaliana kumpelekea mama picha.

Mama ana miaka 76. Aliishika simu mbali na macho, akatazama kwa muda mrefu, akauliza linatoka wapi. Kaka akamweleza habari za Italia kama anavyomweleza mteja. Mama akasema, "Baba yenu alikaa ugenini miaka kumi na miwili akiwa hai, na kumi na mitano chini ya udongo wa watu. Sasa amerudi kwake, mnataka kumfunika na jiwe geni?" Kaka akajaribu kusema kwamba hata simu aliyoshika ni ngeni. Mama akamrudishia simu. Akaongeza kwamba choo kitengenezwe kwanza, na kama jiwe la kijivu lipo Uganda, basi tulitafute hilo.

Lipo. Karamoja ina marumaru nyingi, nyeupe na ya kijivu, katika maeneo ya Rupa na Tapac wilayani Moroto. Ni jiwe kongwe kuliko la Italia: lilipikwa zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, katika ukanda wa miamba unaoshuka Kenya na Tanzania hadi Msumbiji. Marumaru ya Kajiado, Kenya, ni ya ukanda huo huo. Lakini jaribu kuomba bamba la Moroto kwenye maduka ya Kampala. Niliulizia maduka manane. Mawili walikuwa nalo jeupe, moja walidhani natania. Mawe mengi yanayoshuka kutoka Kosiroi huishia katika viwanda vya saruji vya Tororo, yakasagwa na kuchomwa. Inaniuma kidogo, kama mtu anayeona mvule ukipasuliwa kuwa kuni, ingawa naelewa kwamba saruji ndiyo inayojenga nyumba za walio wengi. Kampuni ya Kichina ya Sunbelt ilijenga kiwanda cha kukata marumaru Rupa, kwa hiyo kusema kwamba jiwe letu haliwezi kukatwa nyumbani si kweli tena.

Desemba 2024, shule zilipofungwa, nilipanda basi la kupitia Mbale na Soroti hadi Moroto. Kando ya barabara niliona kina mama na vijana wakipasua mawe kwa nyundo, jua likiwa utosini, bila miwani wala glavu, wakikusanya marundo ya kujaza lori. Mama mmoja anayejua Kiswahili cha sokoni aliniambia hulipwa lori likijaa, na lori lisipokuja rundo hukaa. Mtoto wake alikuwa kivulini chini ya mwiba. Aliponiuliza nataka jiwe la nini nikamwambia la kaburi, alichagua mwenyewe vipande, akavigonga kimoja kimoja kwa nyundo na kusikiliza. Jiwe zima hulia kama kengele, lenye ufa hulia kama chungu kibovu. Njia hiyo wanaitumia machimboni duniani kote.

Mambo ya ardhi huko ni mazito. Human Rights Watch, katika ripoti yao ya Februari 2014, walieleza kwamba kampuni za madini ziliingia kwenye ardhi ya jamii za Karamoja bila kupata ridhaa ya wenyeji. Sheria ya madini ya mwaka 2003 iligawa mrabaha kwa asilimia 80 serikali kuu, 17 serikali za mitaa na 3 mwenye ardhi. Swali likawa mwenye ardhi ni nani pale ambapo ardhi ni ya wote na hati hakuna. Sheria mpya ilipitishwa mwaka 2022. Yule mama wa nyundo hakunitajia sheria yoyote; alinitajia lori.

Jiwe la kijivu tulilolipata si Bardiglio, na nisingependa mfanyabiashara yeyote aliuze kwa jina hilo. Chembe za marumaru ya Carrara ni ndogo, huzioni kwa macho, ndiyo maana huchongeka hadi ukucha wa sanamu. Chembe za jiwe letu la Moroto ni kubwa kama sukari guru iliyovunjwa. Juani humeta, jambo ambalo la Italia halifanyi. Lakini likikatwa jembamba kingo zake humomonyoka. Fundi wa makaburi niliyempelekea, mwenye karakana upande wa Kawempe, alilipitisha kidole akasema, "Mwalimu, hili tulikate sentimita tatu, tusiling'arishe sana." Mfuniko wa kaburi tukauacha wa saruji iliyosuguliwa na vipande vya jiwe lile lile ndani yake, yaani terazo, kazi iliyofanywa na mzee mmoja wa Wobulenzi anayeikumbuka. Marumaru ikawa ya kibao cha kichwani tu: sentimita 60 kwa 40, kilo 19 na ushei. Choo cha mama kilikuwa kimekwisha kuzibwa mwezi uliotangulia.

Jiwe la kijivu lina sifa moja inayolifaa kaburi. Ukilichonga, ndani ya mchongo chembe zilizopondwa huonekana nyeupe, kwa hiyo herufi hujionyesha zenyewe na huhitaji rangi. Ila kwenye chembe kubwa herufi ndogo hazikai, pembe zake huruka. Fundi alisema herufi zisipungue sentimita nne. Tulipopima, kibao chetu kikawa na nafasi ya mistari mitano, kila mmoja herufi zisizozidi kumi na saba. Kaka alikuwa ameandika maneno ya mistari kumi na mmoja: cheo cha ualimu, jina la ukoo na la babu, majina ya watoto wote, mstari wa Zaburi, na maneno kuhusu uhamisho.

Mama aliomba karatasi. Aliacha jina. Aliacha miaka, 1941 na 1994. Mengine yote akayapiga mstari, akaandika chini yake majina ya mahali, moja kila mstari: Luweero, Mombasa, Luweero. Fundi alipoipokea karatasi alinipigia simu jioni hiyo, akidhani tumekosea kwa kuandika neno moja mara mbili. Nikamwambia achonge kama lilivyoandikwa.